Namna ya Kucheza Gemu za Upasuaji kwa Burudani Ukiwa Dar es Salaam

Gemu za upasuaji ni gemu za video ambazo humkabidhi mchezaji mgonjwa aliyelala mezani, vifaa vya kazi na muda wenye kikomo, kisha zikamwacha atafute mwenyewe namna ya kumwokoa. Zimekuwapo tangu miaka ya 1980, na leo zinapatikana kwenye kompyuta, kwenye mashine za gemu na kwenye simu za mkononi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuzicheza nyumbani kwa kujifurahisha, awe mwanafunzi aliye likizo, mfanyakazi anayepumzika jioni, au mzazi aliyeombwa na mwanawe "gemu ya udaktari" na hajui aanzie wapi. Msimamo wangu ni kwamba raha ya gemu hizi imo mkononi zaidi kuliko ilivyo katika kupona kwa mgonjwa. Anayejifunza kwanza kuumudu mkono hufurahia hata anaposhindwa, ilhali anayekimbilia kifua cha mgonjwa huchoka siku ya kwanza na kuifuta gemu yenyewe.

Hatua ya kwanza: Amua kama unataka kucheka au kushindana na saa

Kabla ya kutoa fedha, fahamu kwamba chini ya jina hili moja kuna koo mbili za gemu zisizofanana kabisa.

Ukoo wa kwanza ni wa kichekesho, na kinara wake ni Surgeon Simulator 2013 ya kampuni ya Bossa Studios ya London. Wabunifu wake waliitengeneza kwa saa 48 tu mwezi Januari 2013, katika tukio la kimataifa la kubuni gemu liitwalo Global Game Jam, kisha wakaiboresha na kuitoa rasmi mwezi Aprili mwaka huohuo. Humo unakuwa daktari aitwaye Nigel Burke, mtu ambaye ukimtazama mkono unavyomtetemeka usingemkabidhi hata kisu cha kumenyea viazi, na kazi yako ni kumpandikizia mgonjwa moyo, figo au ubongo. Ugumu wake ni wa makusudi, kwa kuwa kila kidole kina kitufe chake.

Ukoo wa pili ni wa umakini na kasi, na hapo jina linaloheshimika ni Trauma Center: Under the Knife ya kampuni ya Atlus ya Japani, iliyotoka mwaka 2005 kwa ajili ya Nintendo DS, mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi. Hakuna anayecheka sana humo. Kalamu ya kugusia skrini ndiyo kisu chako, saa inarudi nyuma, na hali ya mgonjwa inashuka kadiri unavyosita.

Ipo pia gemu kongwe ambayo siipangi katika ukoo wowote kati ya hizo mbili, nayo ni Life & Death ya mwaka 1988, iliyotolewa na The Software Toolworks. Inahusu magonjwa ya tumbo, na busara yake ni kwamba si kila mwenye maumivu ya tumbo anayepaswa kupasuliwa. Mchezaji humbonyeza mgonjwa tumbo, huagiza picha, na huamua kama atampa dawa, atamwangalia kwanza, atampeleka kwa mtaalamu mwingine au atampasua. Akikosea, hurudishwa darasani. Mwenye subira ya kushughulika na programu za zamani anaweza kuicheza kwa msaada wa DOSBox, programu inayowezesha gemu za kompyuta za zamani kufunguka kwenye kompyuta za leo.

Usizichanganye gemu hizi na zile za kuendesha hospitali, kama Theme Hospital ya mwaka 1997 au Two Point Hospital ya mwaka 2018. Hizo ni nzuri, lakini humo wewe ni mkurugenzi wa hospitali, na mikono yako haigusi mgonjwa.

Kwa anayeanza, napendekeza ukoo wa kichekesho, na hatua nyingi zinazofuata zinaihusu Surgeon Simulator 2013 kwa sababu hiyo. Gemu hiyo haimwaibishi anayeshindwa, na waliokaa pembeni hufurahia sawa na anayecheza.

Hatua ya pili: Tayarisha vifaa

Kwa gemu ya mwaka 2013 huhitaji kompyuta ya gharama kubwa. Kompyuta mpakato nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo zinaweza kuibeba, ingawa ni vyema kusoma kwanza mahitaji ya chini yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa gemu na kuyalinganisha na sifa za kompyuta yako, hasa kumbukumbu na kadi ya michoro.

Kifaa ambacho hutakiwi kukikwepa ni kipanya. Usijaribu kucheza kwa kutelezesha kidole kwenye sehemu ya kugusia ya kompyuta mpakato, kwa maana mkono wa gemu unahitaji kusogezwa, kushushwa na kuzungushwa kwa wakati mmoja, na sehemu hiyo ya kugusia haiwezi kazi hiyo. Kipanya cha waya kinatosha kabisa, na ukipita maduka ya mitaa ya Aggrey na Msimbazi utakipata kwa bei ya kawaida.

Kibodi nayo ina jambo lake ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Baadhi ya kibodi za bei nafuu hushindwa kusoma vitufe vingi vinavyobonyezwa kwa pamoja, na gemu hii inataka vitano. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akufungulie programu yoyote ya kuandikia, kisha bonyeza A, W, E na R kwa mpigo mmoja. Zikitokea herufi zote nne, chukua. Ikikosekana moja, jua kwamba kuna kidole cha daktari wako ambacho kitakuwa kinapooza katikati ya kazi, na gemu tayari ina matatizo ya kutosha.

Kuhusu umeme, chaji betri kabla ya kuanza. Upasuaji mmoja ni mfupi, lakini umeme ukikatika kabla hujaumaliza utaanza upya, hivyo kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba inahitaji mchezaji mwenye moyo mpana. Katika joto la Februari weka kompyuta juu ya meza ngumu mbele ya feni, wala usiiweke juu ya godoro, kwa kuwa godoro huziba matundu ya hewa na kompyuta hupunguza kasi yake yenyewe.

Hatua ya tatu: Nunua kwa tahadhari

Gemu za kompyuta za aina hii huuzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam, ambako utafungua akaunti na kulipa kwa kadi ya benki iliyoruhusiwa kufanya malipo ya mtandaoni, au kwa kadi ya mtandaoni inayounganishwa na akaunti ya fedha ya simu. Usiwe na haraka. Duka hilo hufanya punguzo kubwa mara kadhaa kwa mwaka, hususan mwishoni mwa Juni na mwezi Desemba, na gemu za zamani hushuka bei kwa kiasi kinachostahili kungojewa.

Jambo lenye manufaa zaidi kwa mwenye kompyuta asiyoiamini ni utaratibu wa kurejeshewa fedha. Steam hurudisha malipo ya gemu iliyonunuliwa ndani ya siku 14, mradi haijachezwa zaidi ya saa 2. Kwa hiyo inunue, isakinishe, na utumie nusu saa ya kwanza kuona kama picha zinakwenda bila kukwamakwama. Zikikwama hata baada ya kushusha ubora wa michoro kwenye mipangilio, omba fedha zako bila aibu.

Pakua usiku iwapo bando lako la usiku ni nafuu, na uzime upakuaji wa moja kwa moja wa programu nyingine, kwani kompyuta huwa na tabia ya kujipakulia masasisho yake pale inapogundua kuna intaneti. Ukishasakinisha, gemu hii ya mwaka 2013 inachezeka bila intaneti. Nakala za bure zinazogawiwa kwenye flashi mitaani ziache. Mbali na kuwa ni wizi wa kazi ya mtu, mara nyingi huja na virusi vitakavyokugharimu fundi.

Hatua ya nne: Jifunze mkono kabla ya kumgusa mgonjwa

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo wengi wanapoparuka.

Mkono unaoendesha ni wa kushoto. Weka mkono wako wa kushoto kwenye kibodi namna hii: kidole cha mwisho kwenye A, cha pete kwenye W, cha kati kwenye E, cha shahada kwenye R, na gumba kwenye kitufe kirefu cha nafasi. Kila kitufe hukunja kidole kinacholingana nacho katika mkono wa Nigel. Mkono wako wa kulia unashika kipanya: ukikisogeza, mkono wa Nigel unasogea juu ya meza, ukibonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya, mkono unashuka, ukishikilia kitufe cha kulia huku ukisogeza kipanya, kiganja kinageuka.

Gemu inapofunguka hujikuti chumba cha upasuaji, bali mezani kwa daktari, penye simu, kalamu na vikorokoro vingine. Wachezaji wengi hupapita mbio kana kwamba ni ukurasa wa kawaida wa kuanzia. Kaa hapo. Jaribu kuinua kalamu moja, kisha mkono wa simu. Utagundua mambo matatu ambayo hakuna maelezo ya maandishi yatakayokufundisha vizuri zaidi.

La kwanza ni kwamba vitu vyembamba hushikwa kwa gumba na kidole cha shahada peke yake, yaani R pamoja na kitufe cha nafasi, na ukikunja vidole vyote, vile vingine hukisukuma kitu kabla hujakishika. La pili ni kwamba vitu vizito vyenye mpini, kama nyundo na msumeno, hutaka vidole vyote vitano, navyo vikunjwe baada ya mkono kushuka na kiganja kulala sambamba na mpini. La tatu, ambalo ndilo gumu, ni kwamba kugeuza kiganja hufanywa kabla ya kushuka, kwa sababu mkono unaogeuka ukiwa chini hufagia kila kilichopo mezani. Ukiwa ofisini utakuwa umemwaga kalamu tu. Kwenye kifua cha mtu hasara ni nyingine.

Rudia mpaka uweze kunyanyua kitu, kukigeuza na kukiweka mahali pengine bila kukidondosha. Fanya hivyo hata kama waliokuzunguka wanakuambia uanze upasuaji.

Hatua ya tano: Pandikiza moyo

Upasuaji wa kwanza ni wa moyo. Mgonjwa, ambaye wachezaji wamemzoea kwa jina la Bob, amelala kifua kikiwa tayari kimefunguliwa na mbavu zinaonekana. Kwenye skrini kuna kipimo cha damu kinachoanzia mililita 5,600, na upasuaji unashindikana damu hiyo ikiisha.

Anza kwa mbavu. Chukua nyundo au msumeno, uzivunje na uondoe vipande. Nyundo ni ya haraka, lakini kila pigo linalopitiliza hugonga kilichoko chini yake na kuongeza kuvuja kwa damu, hivyo piga kwa kushusha mkono kidogo kidogo badala ya kuuachia wote. Vipande vya mbavu visikuumize kichwa vinapodondokea sakafuni, kwani hakuna anayevihesabu.

Yafuatayo ni mapafu. Yakate pale yaliposhikiza kwa kisu kidogo cha upasuaji, kisha yang'oe moja baada ya jingine na kuyaweka kando. Kisu hicho kishike kwa vidole viwili kama ulivyofanya kwa kalamu; hapo utaona faida ya zile dakika za ofisini. Baada ya mapafu utabaki na moyo peke yake, umeshikiliwa na mishipa. Ikate mishipa kwa miguso mifupi mifupi. Kukokota kisu kwa mstari mrefu ndiko kunakomaliza damu ya Bob kwa kasi kuliko kosa lolote.

Damu ikianza kushuka kwa haraka, tafuta bomba la sindano lenye dawa ya kijani na umchome nalo mgonjwa, kwani huzuia kuvuja. Nashauri ulitambue lilipo kabla hujaanza kukata chochote, na ulisogeze mahali ambapo mkono wako hautalifagia. Mchezaji anayelitafuta baada ya kipimo kuanza kushuka kwa kawaida hulikuta liko sakafuni.

Mishipa ikishakatika, toa moyo mbovu, chukua mpya na uuachie ndani ya kifua. Hapo kazi imekwisha: hakuna kushona, hakuna kuunganisha mishipa, na hata ukisahau kifaa ndani ya kifua, gemu itakupongeza vilevile.

Baada ya moyo, figo na ubongo vinafuata mantiki ileile kwa vikwazo tofauti. Katika figo utalazimika kuondoa utumbo na viungo vilivyotangulia kabla ya kuzifikia, na kwa kuwa mambo yanateleza, nafasi ya mezani hujaa haraka. Tupa vitu mbali. Katika ubongo, fuvu lipasuliwe kwa kulizunguka pole pole. Kisha gemu inakurudisha kwenye viungo vilevile ukiwa ndani ya gari la wagonjwa linalokwenda kasi, ambamo vifaa huruka huku na huko kila gari linaporuka. Anayepanda daladala za Mbagala asubuhi ataielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Kinachofanyika kweli kwenye thieta

Ni vizuri mchezaji ajue umbali uliopo kati ya kichekesho hiki na kazi yenyewe, kwa sababu kujua kunaongeza utamu wa kichekesho. Daktari wa kweli anayepandikiza moyo havunji mbavu kwa nyundo wala hayagusi mapafu kwa nia ya kuyatupa. Hupasua mfupa wa kifua katikati kwa msumeno maalumu, na mashine ndiyo inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wote huo. Moyo wa mtu ulipandikizwa kwa mtu mwingine kwa mara ya kwanza Desemba 1967 na timu ya Christiaan Barnard katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.

Figo ndizo zinazoshangaza zaidi. Gemu inakutaka ung'oe figo zote mbili mbovu na kuweka mpya mahali pake, ilhali katika upandikizaji halisi figo za zamani kwa kawaida huachwa zilipo, na figo mpya, ambayo ni moja tu, huwekwa chini zaidi, upande wa nyonga. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, kwa hiyo hii si habari ya ng'ambo pekee. Hufanyika Upanga, kilomita chache kutoka pale Kariakoo uliponunua kipanya.

Wapo pia wanaodai kwamba gemu hizi zinamwandaa mtu kuwa daktari. Utafiti unaotajwa mara nyingi ulichapishwa Marekani mwaka 2007, ukihusu madaktari 33, na ulionyesha kwamba waliowahi kucheza gemu za video kwa zaidi ya saa 3 kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 na walimaliza kwa kasi zaidi kwa asilimia 27 katika mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo. Lakini gemu zilizotumika kuwapima katika utafiti huo zilikuwa za kuviringisha tufe, za mbio na za kulenga shabaha. Hakuna hata moja iliyokuwa ya upasuaji. Mwanao anayetaka udaktari asome Fizikia, Kemia na Baiolojia, na gemu aicheze Jumamosi.

Hatua ya sita: Ukichoka kucheka, jaribu kasi

Ukibahatika kupata Nintendo DS ya mtumba pamoja na Trauma Center, badilisha tabia zako zote. Hapa mpangilio wa kazi ndio kila kitu. Kabla ya kukata, paka dawa ya kuua vijidudu mahali husika, kisha pitisha kisu juu ya mstari uliochorwa bila kutoka nje yake. Vifaa vimepangwa pembeni mwa skrini kama alama ndogo, nawe ukariri kila kimoja kilipo mpaka kidole kikiendee bila jicho, maana sekunde zinazopotea hupotea katika kubadili vifaa kuliko katika kukata. Kushona hufanywa kwa kuchora mstari wa kwenda na kurudi juu ya jeraha.

Kipimo cha hali ya mgonjwa kina kikomo cha 99. Kikishuka, mdunge dawa ya kukipandisha kabla hakijafika pabaya. Mchezaji mgeni husubiri mpaka mwisho, mzoefu hudunga mapema kisha akaendelea na jeraha moja, akadunga tena. Kuna pia kipaji maalumu cha kupunguza kasi ya muda, kinachoitwa kwa kuchora nyota kwenye skrini, nacho hutumika mara moja tu katika kila upasuaji. Kitunze kwa ajili ya sehemu ya mwisho.

Wenye simu pekee

Gemu nyingi za upasuaji za simu ni za bure na hujilipa kwa matangazo. Zima data unapocheza, na zile zinazogoma kufunguka bila data zifute. Soma ruhusa zinazoombwa: gemu ya kushona vidonda haina haja ya orodha ya namba zako. Zile za zamani zilizochezwa kwenye kivinjari kwa teknolojia ya Flash, kama Amateur Surgeon ya mwaka 2008, ambamo kikatio cha piza hutumika kama kisu cha upasuaji, hazifunguki tena kwa njia ya kawaida tangu Flash ilipositishwa mwishoni mwa 2020, ingawa programu kama Ruffle huzifufua baadhi.

Kucheza na wenzako sebuleni

Damu ya gemu hizi ni ya katuni, lakini ni damu, na mbavu zinavunjika kwa sauti. Tazama alama ya umri kabla ya kumpa mtoto, na kama nyumbani kuna mtu aliyetoka kupasuliwa au anayesubiri kupasuliwa, vaa vipokea sauti au cheza siku nyingine.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni ya watu wawili kwenye kompyuta moja: mmoja anashika kipanya, mwingine anashika vitufe vya vidole, na hawaruhusiwi kubadilishana. Mwenye vidole hana budi kusikiliza, mwenye mkono hana budi kusema anachokiona, na wa tatu anasimamia kipimo cha damu kwa sauti. Gawana zamu kwa upasuaji mzima, wala si kwa dakika, kwa sababu anayepokea mkono katikati ya mishipa atalaumiwa kwa kifo ambacho hakukisababisha. Wakishazoea, wanaweza kuhamia Surgeon Simulator 2 ya mwaka 2020, inayoruhusu wachezaji hadi wanne, kila mmoja na kompyuta yake na intaneti yake. Hapo kubalianeni mapema nani ananunua bando.